Mgeni Hasukumwi Mlangoni: Namna ya Kuikaribisha Nukuu Katika Insha



Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wa kidato cha nne swali la insha: Kiswahili kina hadhi gani nchini Uganda? Mmoja wao, mwenye hati nzuri na msamiati mpana, aliifungua aya yake ya pili hivi: "Kiswahili kitakuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda." Alama za mtajo zilikuwapo, nukta ilikuwapo, kisha mwandishi akarukia jambo jingine. Niliandika pambizoni swali moja tu: Nani amesema?

"Ni Katiba, mwalimu," alinijibu. Nilimwomba ailete. Tulipofungua Ibara ya 6, kama ilivyorekebishwa mwaka 2005, tuliona kwamba sentensi haiishii pale alipoikatia. Inaendelea kueleza kuwa Kiswahili kitatumika katika mazingira ambayo Bunge litayaweka kwa sheria. Kipande hicho alikiacha kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, hakikuwa na uzito. Kumbe ndicho kilichobeba jibu la swali zima!

Tangu siku hiyo nimeshikilia msimamo ambao leo nataka kuutetea mbele yenu. Nukuu haiwekwi katika insha kama ua linavyowekwa mezani. Nukuu ni ushahidi, na sentensi inayoitambulisha ndiyo mahali ambapo msomaji hupima uaminifu wa mwandishi. Asiyejua kuitambulisha nukuu hajakosea mtindo tu. Amemnyima msomaji haki ya kujua anayesema ni nani na amesema nini hasa.

Hebu tutazame desturi zetu. Mgeni akifika nyumbani hupiga hodi, akakaribishwa, kisha mwenyeji akawaeleza walio ndani: huyu ni fulani, ametoka mahali fulani, amekuja kwa jambo fulani. Mgeni akisukumwa sebuleni bila neno, watu hutazamana. Ndivyo msomaji anavyohisi anapokutana na nukuu iliyotupwa katikati ya aya bila mwenyewe.

Linalonishangaza ni kwamba ustadi huu tayari mnao. Katika mtihani wa fasihi, mtahini huwapa dondoo na kuwaamuru mliweke katika muktadha wake. Nanyi hujibu bila kusita: msemaji ni nani, anamwambia nani, wako wapi, na kwa nini maneno hayo yanatamkwa. Basi mnapoandika insha zenu wenyewe, kwa nini mnamwachia msomaji kazi ya mtahiniwa? Mjibuni maswali hayo kabla hajayauliza. Si lazima yote manne. Mara nyingi msemaji na sababu hutosha.

Baada ya kumtaja msemaji, chagueni kitenzi kwa uangalifu, maana vitenzi vya usemi havilingani uzito. Tuchukue mfano wa kubuni. Mwenyekiti wa kijiji anawaambia wakazi: "Kisima kitakarabatiwa fedha zikipatikana." Mwanafunzi wa kwanza anaandika kwamba mwenyekiti aliahidi kukarabati kisima. Sharti la fedha limetoweka, na kesho wakazi watamwita mwongo. Wa pili anaandika kwamba mwenyekiti alikiri hana fedha. Kukiri ni kukubali kosa au jambo lililofichwa, na yeye hakukiri lolote. Wa tatu anatumia "alidai", naye ametia shaka ambayo hakuitolea sababu. Wa nne anaandika kuwa eti kisima kitakarabatiwa, na kwa neno hilo moja dogo amekwisha kumdhihaki msemaji. Wa tano anaandika: "Mwenyekiti alisema kwamba kisima kingekarabatiwa iwapo fedha zingepatikana." Huyu ndiye aliyeyafikisha maneno salama, kwa kanuni ile ile ya usemi wa taarifa ambayo wengi huiona kuwa zoezi la kuchosha.

Sisemi kwamba "kusema" ndicho kitenzi pekee. Mtu akirudia hoja yake kwa nguvu, amesisitiza. Akitaja hatari iliyo mbele, ametahadharisha. Akitoa wazo bila kulilazimisha, amependekeza. Akigusia jambo bila kulitamka wazi, amedokeza. Utajiri huu ni wa lugha yetu, tuutumie. Lakini kitenzi kifuate alichofanya msemaji, kisifuate tunavyompenda au tunavyomchukia.

Kuna kosa la sarufi ambalo nalikuta karibu katika kila rundo la madaftari: "Kwa mujibu wa Katiba inasema kwamba..." Sentensi hiyo ina milango miwili na mgeni amekwama katikati. Chagueni mmoja. Ama "Kwa mujibu wa Katiba, Kiswahili ni...", ama "Katiba inasema kwamba Kiswahili ni..." Aidha, "kwa mujibu wa" hufaa zaidi tunapotaja sheria, hati au chanzo chenye mamlaka. Kwa mawazo ya mtu binafsi, "kwa maoni ya" hueleza ukweli vizuri zaidi.

Sisi tunaojifunza Kiswahili hapa Uganda tuna jambo la ziada la kuangalia. Katiba yetu iliandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi anapotia maneno yake ya Kiswahili ndani ya alama za mtajo, msomaji hudhani hayo ndiyo maneno yenyewe ya Katiba, ilhali ni tafsiri ya mwanafunzi. Semeni wazi kwamba tafsiri ni yenu, au andikeni kwa usemi wa taarifa pasipo alama hizo.

Nukuu ikishakaribishwa, isiachwe ikae bure. Wahenga walituusia kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nukuu nayo ipewe jembe: mwandishi aeleze inathibitisha nini na inaishia wapi. Mwanafunzi wangu aliiandika upya aya yake, na baada ya masahihisho machache ikawa hivi:

Hadhi ya Kiswahili nchini Uganda ni ya kisheria, lakini ina masharti. Ibara ya 6 ya Katiba, kama ilivyorekebishwa mwaka 2005, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, ila inaongeza kwamba kitatumika katika mazingira yatakayowekwa na Bunge kwa sheria. Kwa hiyo, mwananchi hawezi kuitegemea ibara hiyo peke yake kudai kwamba kila ofisi imhudumie kwa Kiswahili. Ni lazima kwanza aulize Bunge limetunga sheria gani.

Aya hii haina hata alama moja ya mtajo, wala haina neno la kujionyesha. Hata hivyo, msomaji anajua nani amesema, amesema nini, na mwandishi mwenyewe anafikiri nini. Sauti hizo mbili hazikuchanganyika.

Wapo watakaoniambia kwamba muda wa mtihani ni mfupi na utambulisho hula nafasi. Nakubali kuwa muda ni mfupi. Dawa yake ni kupunguza nukuu. Nukuu tatu zilizokaribishwa na kufanyishwa kazi hushinda kumi zilizomwagwa kama mahindi uani. Hapa sisi walimu nasi tujilaumu, kwa sababu wengi wetu tumezoea kuhesabu dondoo pambizoni na kugawa alama kwa idadi. Mwanafunzi hujifunza kile anachopewa alama.

Nalipigania jambo hili kwa sababu halibaki darasani. Miaka michache ijayo mtapiga kura, mtahudhuria mikutano ya kijiji na kusoma matangazo ya serikali. Kila siku simu zenu zitawaletea maneno yaliyopachikwa midomoni mwa viongozi, mengine yakiwa yamekatwa mkia kama ile Ibara ya 6. Aliyezoea kuuliza "nani amesema, kwa nani, na sentensi inaishia wapi?" hatayasambaza kwa pupa. Naye aliyezoea kuyakata maneno ya watu katika insha atayakata pia barazani, na jirani yake ndiye atakayeumia.

Kabla ya somo lijalo, chukueni insha yenu ya mwisho. Pigeni mstari chini ya kila nukuu, kisha someni sentensi iliyoitangulia na ile inayoifuata. Kama msemaji hajatajwa, mtajeni. Kama kitenzi kimemsingizia, kibadilisheni. Kama hakuna sentensi yenu inayoifuata, iandikeni. Na mkikosa la kuandika, iondoeni nukuu hiyo.