NGAZI YA VIPANDIO KUMI: SISI TUNASIMAMA WAPI?



Juma lililopita, saa ya mapumziko, kulitokea kelele kubwa chini ya mwembe. Mmoja wetu alileta habari aliyosikia kwa radio: ya kwamba kuna watu wanaopima furaha ya nchi zote za dunia, na nchi yetu iko karibu na mkia. Wa kwanza, Finlandi, nchi ya baridi na teluji.

Hapo maneno yakawaka. Wengine walisema: «Uongo mtupu! Bale batu hata kusalimiana mu njia hawasalimiane. Sisi tunaimba, tunacheza, tunacheka hata na njaa. Banatupita na nini?» Wengine walinyamaza kwa haya, sawa vile mwanafunzi anayesomewa pointi zake mbele ya wazazi. Sisi tunaoandika tulikuwa katika kundi la kwanza, tena tulipiga kelele kuliko wote. Lakini nyuma yake tulienda kutafuta, na sasa tunataka kutoa maoni yetu polepole.

Kwanza, habari ile si uongo. Tangu 2012 kunatoka ripoti juu ya furaha ya dunia, na siku hizi inatoka karibu na tarehe 20 Machi, ambayo Umoja wa Mataifa uliiweka kuwa Siku ya Furaha. Katika ripoti ya 2024 kulikuwa nchi 143. Finlandi ilipata 7,7 juu ya 10. Kongo yetu ilikuwa ya 139, na 3,3. Ya mwisho ilikuwa Afganistani, na 1,7.

Wanapima na nini? Hapa ndipo sisi wote tulikosea. Tulifikiri wanahesabu magari, barabara na pesa, kisha wanatoa pointi. Hapana. Wanauliza watu wenyewe, karibu 1 000 katika kila nchi kwa mwaka, na wanachukua wastani wa miaka mitatu. Swali lilitoka kwa mwalimu mmoja wa Marekani, Hadley Cantril, aliyelieleza katika kitabu chake cha 1965. Linasema hivi: fikiri ngazi yenye vipandio toka 0 mpaka 10. Juu kabisa ni maisha mema kupita yote unayoweza kuwa nayo wewe. Chini kabisa ni maisha mabaya kupita yote. Leo unasimama kwenye kipandio gani?

Basi, mliona? Neno «kucheka» halimo. Neno «furaha» lenyewe halimo! Kuna maswali mengine yanayouliza kama jana ulicheka, kama ulipumzika vizuri, na huko nchi za Amerika ya Kusini kama Paraguay zimetokea juu mara nyingi. Lakini ngazi haiulizi kicheko. Inauliza maisha. Mama anayeuza sombe sokoni anaweza kucheka na wateja tangu asubuhi, na magaribi ukimuuliza kipandio chake, akasema tatu. Hakudanganya asubuhi, na magaribi pia hadanganyi. Mtu anaweza kubeba vyote viwili.

Kwa hiyo maoni yetu ya kwanza ni haya: tusiikatae ile 3,3 kwa kiburi. Si Mzungu aliyetupa ile pointi. Ni watu wetu waliojibu. Tukisema «sisi tuko na furaha, hatuna shida», ni nani anayefurahi kusikia vile? Ni yule anayepaswa kutengeneza barabara na kulipa walimu. Kicheko chetu ni mali yetu, lakini kisigeuke sababu ya kutuacha vile tulivyo.

Maoni ya pili: tusiinamie ile namba pia kama sanamu. Wastani unaficha watu. Tuangalie Bhutan, nchi ndogo katika milima ya Himalaya. Mfalme wake, Jigme Singye Wangchuck, alisema tangu miaka ya 1970 kwamba furaha ya taifa inapita mali ya taifa, na katiba yao ya 2008 iliandika jambo hilo. Maneno mazuri, dunia nzima iliyasifu. Lakini kuanzia mwisho wa miaka ya 1980, watu wa kusini mwa nchi hiyo, wenye lugha ya Kinepali, walinyimwa uraia na kusukumwa nje. Zaidi ya 100 000 waliishi miaka mingi katika kambi za wakimbizi kule Nepal. Sasa tuulize: siku Bhutan ilipopima furaha yake, nani aliwauliza wale wa kambini? Ni rahisi nyumba kuwa na furaha ukiisha kutoa nje wale wanaolia.

Sasa turudi kwetu. Ile siku ya kelele tulijaribu ngazi katika darasa letu. Kila mtu aliandika namba kwa kipande cha karatasi, bila jina, na sisi tulikusanya ndani ya kofia. Vingi vilikuwa kati ya 4 na 7. Wastani haukuwa mbaya, tukaanza kupiga makofi: «Tumepita nchi!» Kisha tukafungua kipande cha mwisho. Kulikuwa 0.

Makofi yalikatika. Kila mtu aliangalia jirani yake. Mpaka leo hatujui ni nani. Ni mtu anayekaa nasi, anayeimba nasi asubuhi, na pengine alikuwa anapiga kelele pamoja nasi chini ya mwembe. Sisi tuliopewa kazi ya kuangalia wenzetu tunajua nani amechelewa na nani hakufagia. Hilo hatukulijua.

Na kuna jambo la pili, lililotuingia usiku tu. Siku ile madawati manne yalikuwa matupu. Wenyewe walirudishwa nyumbani juu ya minerval. Hakuna aliyewauliza kipandio chao. Tulipima furaha ya darasa, na wale wanne hawakuwa darasa. Sisi pia tulifanya Bhutan.

Tufanye nini? Hatuna pesa ya kulipia watu wanne. Lakini ripoti ya 2025 ilionyesha jambo moja tunaloliweza: wale wanaokula pamoja na wengine wanasema maisha yao ni mema kupita wale wanaokula peke yao. Babu zetu walijua hilo bila ripoti. Basi tunaomba mambo mawili. Moja: kuanzia Jumatatu, katika chumba cha kula, asibaki mtu na sahani yake pembeni. Usimuulize kama ni yeye aliyeandika 0. Sogea tu, kaa. Mbili: kila kijiji walipo wale wanne, mwenzao wa karibu awapelekee madaftari tuliyonakili, ili wakirudi wasikute mtihani wa Serikali umewaacha njiani.

Finlandi wakae na 7,7 yao, hatuwaonei wivu. Mwisho wa mwezi tutazungusha kofia tena. Hatutatafuta wastani. Tutatafuta kama ile 0 imepanda hata kipandio kimoja, na kama madawati yamejaa.

Kiongozi wa wanafunzi, mwaka wa sita