Kasarani Haikuizuia Gikomba

Anayeuza katika soko la Muthurwa, Nairobi, hahitaji kuelezwa ugaidi ni nini. Oktoba 2011 guruneti lilirushwa kwenye kituo cha matatu cha Barabara ya Race Course, karibu tu na soko. Machi 2012 yakarushwa mengine katika kituo cha mabasi ya Machakos, jirani kabisa. Tarehe 16 Mei 2014 vilipuzi viwili vikalipuka katika soko la Gikomba, vikaua watu wasiopungua 10. Mtu wa Eastlands akidai mipaka ilindwe, ana haki yake.

Ninachopinga ni kuitumia hofu hiyo dhidi ya wakimbizi. Desemba 2012 serikali iliamuru wakimbizi wote wa mijini wapelekwe kambi za Dadaab na Kakuma. Julai 2013 Jaji David Majanja akaitangua amri hiyo: haikuonyeshwa kwamba wakimbizi wa mijini ndio chanzo kikuu cha utovu wa usalama. Septemba ya mwaka huo watu 67 wakauawa katika jumba la biashara la Westgate, na Machi 2014 waziri Joseph ole Lenku akawaamuru tena wakimbizi warudi kambini. Desemba 2014 sheria ikaweka kikomo cha wakimbizi 150,000 nchi nzima, ilhali Dadaab peke yake ilikuwa na zaidi ya hao. Mahakama Kuu ikakifuta Februari 2015.

Katikati ya hayo yote, Aprili 2014, ukaja msako wa Usalama Watch. Karibu watu 4,000 walikamatwa, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, wakiwamo Wakenya. Wengi walifungiwa katika uwanja wa Kasarani. Zaidi ya 300 walirudishwa Mogadishu. Gikomba ililipuliwa wiki kadhaa baada ya msako huo kuanza.

Sishangai. Aliyekiri mashtaka ya mashambulizi ya Oktoba 2011 alikuwa Mkenya. Miongoni mwa waliovamia Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015 na kuua watu 148 alikuwamo mtoto wa chifu wa Mandera, aliyesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Kiongozi wa shambulio la hoteli ya Dusit la 2019 alikuwa mtoto wa mwanajeshi wa Kenya. Amri ya kuwapeleka wakimbizi Dadaab isingemgusa hata mmoja wao.

Tena msako una bei. Mwenye pesa hutoa kitu kidogo akaachiliwa. Mama asiye nacho hupandishwa lori na watoto wake. Mtandao wa kigaidi hauwezi kukosa hongo ya usiku mmoja. Kwa hiyo chujio hili humpitisha tunayemwogopa na kumnasa fukara.

Muthurwa ingepaswa kuliona hili mapema kuliko mtaa mwingine wowote. Ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, na Aprili 1954 Eastlands ilizingirwa na wanajeshi wa Kiingereza katika Operesheni Anvil. Watu walitolewa nyumbani, vipande vyao vya kitambulisho vikakaguliwa. Mkikuyu, Mwembu na Mmeru wakatengwa, na maelfu wakasafirishwa hadi Manyani na Mackinnon Road. Kabila lilitosha kuwa ushahidi. Miaka 60 kamili baadaye, wajukuu wa waliozingirwa waliushangilia msako wa Eastleigh. Hilo linaniuma kuliko amri zote za mawaziri.

Siku hizi upepo umegeuka kidogo. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 vinalenga kumwezesha mkimbizi kufanya kazi na kuishi na wenyeji. Februari 2025 Rais Ruto alitangaza mwisho wa uhakiki wa ziada wa vitambulisho kaskazini. Ni hatua njema, ila bado hazijapimwa na shambulio kubwa.

Shambulio likitokea, waziri ataitisha kamera na kutaja idadi ya waliokamatwa. Waandishi wamuulize wangapi wameshtakiwa, kwa kosa gani, na kwa ushahidi gani. Wamuulize pia kama mfanyabiashara wa Eastleigh, anayeweza kumtambua kijana mwenye nyendo za kutiliwa shaka kabla ya polisi, bado anathubutu kuingia kituoni Pangani kutoa habari bila kuogopa kuwekwa ndani yeye mwenyewe.