Saa nane angani, kisha foleni ya Likoni

KUTOKA Frankfurt, Ujerumani, hadi Mombasa ni takriban kilomita 6,700 kwa ndege, safari ya saa nane na nusu hivi. Kutoka uwanja wa ndege wa Moi hadi Ukunda, lango la hoteli za Diani, hakufiki kilomita 30 kwa mstari ulionyooka. Hata hivyo, kwa miaka mingi kipande hicho cha mwisho ndicho ambacho hakuna wakala wa utalii aliyethubutu kumwahidi mgeni kingechukua muda gani.

Sababu ni mlangobahari wa Likoni, wenye upana wa nusu kilomita tu. Feri zikiwa nzima, kuvuka ni dakika chache. Moja ikiharibika, au magari yakirundikana jioni, mgeni aliyepita juu ya Sahara usingizini alijikuta ndani ya basi akiitazama ng'ambo asiyoweza kuifikia. Aliyekuwa akirejea kwao alikuwa na hofu zaidi, kwa kuwa ndege haimsubiri abiria aliyekwama majini.

Wenye uwezo walitafuta njia ya kuyakwepa maji. Ukunda kuna uwanja mdogo, na ndege kutoka Nairobi hufika huko kwa muda wa saa moja hivi. Lakini njia yake ya kurukia ni fupi. Hupokea ndege za propela za safari za humu nchini, si zile kubwa zitokazo Ulaya.

Kilichobadili hesabu ni barabara ya Dongo Kundu. Sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka wa 2018, na baada ya daraja la Mteza kukamilika, gari hutoka Miritini, penye kituo cha reli ya SGR na si mbali na uwanja wa ndege, likaingia Kaunti ya Kwale upande wa Kibundani bila kukanyaga kisiwa cha Mombasa. Kwa mtalii, tatizo limekwisha kwa kiasi kikubwa.

Kwa mkazi wa Msambweni halijaisha. Mgonjwa anayepewa rufaa kwenda Hospitali Kuu ya Pwani hana shughuli na uwanja wa ndege, anakwenda kisiwani. Akizunguka kupitia Dongo Kundu, itambidi afike kwanza Miritini, kisha arudi mashariki kupitia Changamwe na Makupa katikati ya malori ya bandari. Mwenye nazi zake anayeelekea soko la Kongowea naye yumo katika hesabu hiyo hiyo, na kwake mafuta ya gari ni sehemu ya faida.

Ni vigumu kusema kwamba serikali haikujua uzito wa jambo hili. Mnamo Aprili 29, 1994, feri ilizama katika kivuko jirani cha Mtongwe na watu 272 wakafa, wengi wao wakiwa wafanyakazi waliokuwa wakienda kazini kisiwani. Daraja la kuvukia Likoni kwenyewe, ambalo Kenya imelizungumzia na Japani kwa miaka mingi, bado halijajengwa. Barabara iliyotangulia ni ile inayoufaa kwanza mzigo wa bandari na mgeni wa hoteli, na mwenda kwa miguu wa Likoni angali anapanda feri alfajiri na kuipanda tena magharibi.