Goti Lililopasuliwa Halijafa

Mwandishi mmoja amewausia wasomaji kwamba aliyefanyiwa upasuaji mkubwa wa goti aage mbio na mpira, akae apumzike. Ushauri huo una huruma, lakini hauna ukweli.

Ronaldo wa Brazil anamjibu. Novemba 1999 alipasuliwa kano ya goti la kulia. Aprili 2000 akarejea uwanjani, timu yake ya Inter ikicheza na Lazio. Baada ya dakika chache tu, kano ikakatika kabisa. Wengi wakamzika akiwa hai. Mwaka 2002 akafunga mabao 8 katika Kombe la Dunia, mawili kwenye fainali dhidi ya Ujerumani.

Najua nitakachoambiwa: huyo alikuwa na fedha na madaktari. Kweli. Lakini kukaza msuli wa paja, kuinua mguu ukiwa kitandani na kukunja goti kidogo kidogo, kama alivyoelekeza mtaalamu wa viungo, havidai utajiri. Msuli usiotumiwa hunywea ndani ya wiki chache, na goti lililolazwa hukakamaa. Mara nyingi kinachomlemaza mgonjwa si kisu, ni kitanda.

Nampa mwandishi huyo haki yake katika jambo moja: pupa ni hatari. Aliyepandikizwa kano, wataalamu wengi humtaka asubiri walau miezi 9 kabla ya michezo ya kugeuka ghafla. Lakini kusubiri si kulala. Haraka haraka haina baraka, sawa. Nao uvivu hauna goti.