UMEANZA KUPUNGUZA TUMBO, USINGIZI UMEKIMBIA: USINUNUE KIDONGE (Kutoka kwa Nesi, sehemu ya 6)

Wiki iliyopita tuliongea kuhusu mtoto anayeamka usiku. Leo ni zamu ya mama. Mtoto amelala fofofo, baba anakoroma, wewe macho kwenye dari mpaka adhana ya alfajiri.

Kuna mama alileta mtoto wa miezi 9 kuchanjwa surua. Mtoto mzuri tu, uzito kwenye kadi unapanda. Mama ndiye macho mekundu, miayo haiishi. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Nesi, nikinywa nusu kidonge cha usingizi, kitamdhuru huyu anayenyonya?"

Nikamwambia kaa kwanza. Tangu lini hulali?

"Wiki ya tatu sasa."

Na wiki tatu zilizopita ulianza nini? Akacheka. "Nilianza kupunguza tumbo."

Akanipa ratiba yake. Asubuhi maji ya moto na limau. Mchana kachumbari na yai moja. Usiku hali kitu. Chai ya kijani vikombe vinne kwa siku, cha mwisho saa 2 usiku, eti kinaua njaa. Saa 4 usiku, watoto wameshalala na vyombo vimeoshwa, anaruka kamba sebuleni dakika 40. Anaoga, anapanda kitandani. Moyo unadunda, tumbo linanguruma. Wenzake kwenye kundi la WhatsApp wanamwambia vumilia, mwili utazoea.

Hapo ndipo sikubaliani nao kabisa. Maumivu ya misuli, sawa, utazoea. Lakini usingizi ukikimbia wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, mwili unakwambia mpango wako una kasoro. Rekebisha mpango. Usiupige mwili kidonge ili unyamaze.

Tuangalie kilichokuwa kinamkesha.

Kwanza njaa. Ukilala na njaa kali, sukari kwenye damu inashuka, na mwili unatoa homoni za kukuamsha ukatafute chakula. Hilo si jambo la kushindana nalo kwa nia. Halafu huyu ananyonyesha. Kutengeneza maziwa peke yake kunahitaji kalori za ziada kama 300 hadi 500 kwa siku. Sasa kachumbari na yai moja vitatosha nini jamani?

Pili chai. Watu wengi wanadhani kahawa tu ndiyo inafukuza usingizi. Chai ya rangi ina kafeini, chai ya kijani inayo, soda za kola zinayo, vinywaji vya kuongeza nguvu ndiyo usiseme. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya kafeini inaweza kuwa bado mwilini baada ya masaa matano. Yaani kikombe cha saa 2 usiku bado kinafanya kazi saa 7 usiku. Kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, inakaa muda mrefu zaidi. Na zile chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitandaoni, nyingine zina vitu vya kuchangamsha na nyingine zina dawa za kuharisha. Usingizi utatoka wapi na unakimbilia choo?

Tatu muda wa tizi. Tizi lenyewe ni rafiki wa usingizi. Mtu anayetembea au kukimbia mara kwa mara kwa kawaida analala vizuri zaidi. Lakini ukiruka kamba kwa nguvu kisha ukaingia kitandani ndani ya saa moja, mwili bado una joto na moyo bado uko mbio. Kujinyoosha taratibu usiku hakuna shida. Kamba na kukimbia, viwekwe mapema.

Sasa kile kidonge. Diazepam ni dawa ya kuandikiwa na daktari, si ya kuomba dirishani dukani kama pipi. Inaingia kwenye maziwa, na kwa mtoto inaweza kujikusanya ikamfanya asinzie sinzie na anyonye vibaya. Piriton nayo, ambayo wengi wanainywa "ili nilale tu", imetengenezwa kwa ajili ya mzio. Na hili ndilo linaloninyima mimi usingizi: mama aliyemeza dawa ya kulevya usingizi halafu analala kitanda kimoja na mtoto. Akimlalia, hatashtuka. Tafadhali sana, usijaribu.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba kukesha huko hakumsaidii hata kupungua. Ukikosa usingizi, homoni ya njaa inapanda na ile ya kushiba inashuka. Kesho yake saa 10 jioni utaona chapati na maandazi yanakuita kwa jina. Halafu unajilaumu huna msimamo, kumbe huna usingizi.

Watu wazima tunashauriwa tulale angalau masaa 7. Najua, mwenye mtoto mchanga atacheka. Ndiyo maana nasema, hayo matano uliyonayo usikubali mpango wowote uyaibe.

Tulichobadilisha na yule mama ni kidogo tu. Chai na soda mwisho saa 8 mchana. Chakula cha usiku kirudi, saa 1 hivi: ugali kiasi au kiazi kitamu, maharage au dagaa, mboga za majani za kutosha. Apunguze mafuta, sukari na vitafunwa, asifute mlo. Tizi lihamie saa 11 jioni, kutembea kwa haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki. Hizo ni dakika 150, kiwango kile kile kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani.

Akaniuliza, "Saa 11 jioni mtoto nitamwachia nani?"

Baba, hapa nakuita wewe. Mkeo haruki kamba saa 4 usiku kwa kupenda. Huo ndio muda pekee nyumba ilioubakiza kwake. Unataka apungue, unamtania tumbo mbele ya wageni, basi mshike mtoto nusu saa jioni. Gharama yake ni sifuri.

Alirudi baada ya wiki tatu kuchukua majibu ya damu. Analala. Tumbo bado lipo, linapungua polepole, na ndivyo inavyotakiwa.

Ila si kila kukesha ni chai na kamba. Kama umeshabadilisha haya na wiki mbili zimepita bila nafuu, njoo kituoni. Kama miguu haitulii ukilala, inabidi uichezeshe, huenda madini ya chuma yamepungua, upimwe. Kama moyo unakwenda mbio hata umekaa, mikono inatetemeka, jasho jingi na kilo zinashuka haraka, usishangilie kwanza. Tezi ya shingo inaweza kusumbua ndani ya mwaka mmoja baada ya kujifungua. Na kama huwezi kulala hata mtoto akilala, unalia bila sababu, una hofu isiyoisha, mwambie nesi. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usisubiri kesho. Nenda siku hiyo hiyo, na usiende peke yako.

Mtumie rafiki yako anayeruka kamba usiku. Wiki ijayo: mkanda wa kufunga tumbo, je, unasaidia?

Nesi wenu.