Mtaji wa Makaburi Usiliwe

Nyasi za makaburini haziachi kuota siku kaburi la mwisho linapouzwa. Kinachokoma ni pato. Ndiyo maana katika jimbo la New York, Marekani, sheria huamuru makaburi yanayoendeshwa bila kutafuta faida yaweke angalau asilimia 10 ya mauzo ya viwanja katika hazina ya kudumu ya utunzaji. Mapato ya hazina hutumika, mtaji hubaki.

Deni linapobana, wasimamizi hushawishika kuukopa mtaji huo. Nasema wasiruhusiwe pasipo mpango wa kulipa ulioandikwa na kukaguliwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Walimu, wafundisheni wanafunzi hesabu hii: aliyelipia kaburi lake hawezi kurudi kudai haki. Tumtetee sisi tulio hai.