Masomo ya likizo yasiwe ya wenye fedha tu

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe dukuduku ambalo nimekaa nalo tangu nikiwa darasani hadi sasa nimestaafu. Linahusu fedha ya serikali iendayo katika shule za sekondari, na jinsi isivyomtambua mtoto aingiaye Kidato cha Kwanza hali Kiingereza hakijui.

Mtoto wetu husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, hufanya mtihani wa kumaliza kwa Kiswahili (ukiacha somo la Kiingereza lenyewe), akafaulu na kuchaguliwa. Akifika sekondari anakuta Jiografia, Hisabati na Bayolojia vyote kwa Kiingereza. Shule niliyofundisha ilikuwa na kozi ya Kiingereza ya wiki chache za mwanzo, nami nilikuwa mmoja wa walioifundisha. Wiki hizo zikiisha, masomo yalianza. Aliyeshika alishika, na asiyeshika shauri lake. Hatukuwa na karatasi yoyote ya kumpima mtoto ili tujue amefika wapi. Upimaji wa kitaifa unakuja mwishoni mwa Kidato cha Pili, na kufikia hapo mtoto amekwisha kuzoea kunakili ubaoni mambo asiyoyaelewa.

Namkumbuka kijana mmoja ambaye katika jaribio la Bayolojia aliliacha tupu swali la usanisinuru. Nilimwita ofisini nikamwuliza kwa Kiswahili. Akanitajia jani, mwanga wa jua, maji, hewa ya kaboni, na hata klorofili hakuisahau. Jambo lenyewe alilijua tangu shule ya msingi! Lakini karatasi tupu haina maksi, nami nilimwandikia sifuri kama wengine.

Likizo ya Juni ilipofika, shule ilitangaza masomo ya ziada kwa waliobaki nyuma. Mchango uliitwa wa hiari, ila asiyechanga hakuingia. Mama wa kijana yule alikuwa akiuza mchicha sokoni, na fedha hiyo hakuwa nayo. Kijana akashinda gengeni likizo nzima, na waliokaa mbele yangu darasani wengi wao walikuwa ni wale ambao hawakuwa na shida kubwa. Posho yangu ilitoka katika michango ile ile, kwa hiyo wasomaji wasidhani naandika haya ili nijitoe lawamani.

Sasa tutazame fedha. Serikali ilifanya jambo kubwa kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ambao uliondoa ada na michango ya lazima hadi Kidato cha Nne. Ruzuku ya uendeshaji kwa sekondari imekuwa ikihesabiwa Sh. 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Shule yenye wanafunzi 400 inapata hesabu ya Sh. 10,000,000, na humo mna vitabu, chaki, karatasi, mitihani ya ndani, ukarabati mdogo na mambo ya ofisi. Hesabu hiyo ni ya vichwa tu. Mtoto aliyetoka shule ya binafsi akiwa amesoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza anahesabiwa sawa na yule wa usanisinuru.

Wenzetu wa Marekani, ambao Kiingereza ndicho lugha yao, walikwisha kuliona hili. Mwaka 1974 Mahakama Kuu kabisa ya nchi ile, katika kesi ya wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, iliamua kwamba kuwapa watoto wasiojua Kiingereza vitabu na walimu wale wale wanaopewa wenzao si kuwatendea sawa. Siku hizi mtoto wa namna hiyo hupimwa Kiingereza chake kila mwaka mpaka afuzu, na katika jimbo la California, tangu mwaka 2013, wilaya yake ya elimu huongezewa asilimia 20 juu ya fedha ya msingi kwa ajili yake. Huko watoto hao ni sehemu tu ya darasa. Kwetu, katika shule nyingi za kata, ndio darasa zima!

Wapo watakaosema dawa ni kufundisha kwa Kiswahili. Mimi ni mmoja wao. Tume ya Makweta ilishauri hivyo mwaka 1982, nasi tungali tunangoja. Lakini mtoto aliyeko darasani leo hawezi kungoja pamoja nasi. Wengine watasema masomo ya likizo yapigwe marufuku kabisa, kama jirani zetu wa Kenya walivyofanya kwa sheria yao ya elimu ya mwaka 2013. Naelewa shabaha ya sheria ile, kwani walimu tulio wengi tuliyageuza masomo hayo kuwa biashara. Hata hivyo, marufuku peke yake haimfundishi aliyeachwa nyuma.

Naiomba Wizara, pamoja na TAMISEMI inayopeleka ruzuku, waweke fungu la pekee lisilochanganywa na chaki. Fungu hilo lilipie jaribio la Kiingereza kwa kila aingiaye Kidato cha Kwanza, mara tu kozi ya mwanzo inapokwisha, na lilipie walimu watakaowafundisha walioshindwa katika likizo ya Juni bila mzazi kutoa hata senti. Shule ipewe fedha kwa idadi ya walioshindwa, na ikaguliwe kwa majina yao, maana nawajua walimu wakuu wenzangu: fedha isiyokaguliwa huishia kwenye rangi ya ofisi.

Je, jambo hili limewahi kufikiriwa huko juu? Kama limefikiriwa, limekwama wapi? Nitashukuru wahusika wakinijibu kupitia ukurasa huu huu.

Mwalimu Mstaafu,
Morogoro.